Nyumba Nyuma ya Kiwanda

Nilipima viwanja vya watu kwa miaka thelathini na minne, na katika miaka hiyo yote sikuwahi kumwongezea mtu hata hatua moja wala kumpunguzia. Waliojaribu kunilainisha kwa maneno matamu waliondoka na maneno yao. Nasema hivi mwanzoni ili ujue ni mtu wa namna gani aliyefanya nitakachosimulia, kwa sababu nilikifanya nyumbani kwangu, mchana kweupe, mbele ya mdogo wangu wa kike, na chanzo chake ni mchezo wa vigae.

Mchezo wenyewe ni wa kujenga mji, na hauna makuu. Kuna mfuko wa vigae vya mbao, kila kimoja upana wa vidole vitatu, vimechorwa nyumba, barabara, bustani, shule, soko au kiwanda. Unachota vitatu na kuvishika. Zamu yako ikifika unaweka kimoja mezani, kigusane ubavu kwa ubavu na kilichokwisha kuwekwa, kisha unachota kingine. Ukiweka nyumba, unaitia alama yako ijulikane ni ya nani. Vigae vikiisha, kila nyumba inapata alama moja kwa kila bustani, shule au soko lililo ubavuni mwake. Kiwanda hakitoi kitu. Na nyumba ambayo mtu hawezi kutoka mlangoni mwake akafika sokoni kwa barabara haipati chochote, hata ikiwa na bustani pande zote.

Mdogo wangu aliununua miaka kumi na moja iliyopita kwenye meza ya vitu vya mitumba, siku aliyotoka kwenda kutafuta zipu. Ni fundi wa kushona, na hajawahi kwenda kununua zipu akarudi na zipu peke yake. Boksi lilikuwa limetafunwa na panya pembeni, alama za wachezaji zilikuwa zimepotea, na karatasi ya maelekezo ilikuwa nusu. Ilieleza namna ya kuanza, haikueleza namna ya kumaliza. Yeye akaleta vifungo vya nguo, vyeupe vyake na vyeusi vyangu. Mimi nikaandika sheria zilizobaki kwa rula na kalamu ya wino, kumi na nne kwa jumla. Ya kumi na nne inasema hesabu itafanywa na Mpima, yaani mimi. Alicheka sana alipoisoma, akauliza Mpima akiugua nani atahesabu. Nikamjibu kwamba Mpima haugui.

Tunaishi wawili katika nyumba aliyoijenga baba yetu kwa mikono yake. Mke wangu na mimi tuliachana kwa amani kabla sijaota mvi, na mdogo wangu alifiwa na mumewe binti yao akiwa chuoni. Yeye ana chumba cha mbele, penye mwanga, kwa ajili ya cherehani. Mimi nina cha nyuma, na ramani ambazo hakuna mtu anayezihitaji tena. Jumapili alasiri tunaondoa kitambaa mezani na kujenga mji. Jirani yetu mmoja, aliyekuwa karani wa mahakama, huja kutazama na kunywa chai. Hachezi. Kazi yake ni kutoa ushauri ambao hajaombwa, na kwa miaka kumi na moja sijasikia ushauri wake hata mmoja uliofaa.

Sasa basi, Jumatatu moja mdogo wangu alisimama mlangoni kwangu, utepe wa kupimia ukiwa shingoni, akaniambia anahama.

Binti yake amefungua karakana ya kushona katika mji mwingine, safari ya siku nzima kutoka hapa. Amepata kazi ya sare za shule tatu. Ana mashine sita na washonaji sita, ila hana mtu wa kukata vitambaa. Na kukata ndiyo kazi yenyewe, kwa sababu mkasi ukienda kombo, watu sita wanashona makosa siku nzima bila kujua. Alikuwa amemwomba mama yake aje awe mkataji mkuu. Mdogo wangu alitamka hayo maneno mawili, mkataji mkuu, kwa uso ambao sikuwa nimeuona tangu alipofaulu mtihani wa ufundi akiwa msichana. Alikuwa amekwisha kukubali, na ataondoka Jumatatu inayofuata.

Nilianza na magoti. Nilimkumbusha kwamba magoti yake hayako sawa tangu mwaka juzi, na kazi ya kukata ni ya kusimama. Jumanne nikauliza karakana iko ghorofa ya ngapi, na nilipoambiwa ya pili nikamhesabia ngazi. Jumatano nilizungumzia vumbi la vitambaa na kifua. Alhamisi nilizungumzia watoto wanaowaajiri wazazi wao na mambo yanavyoharibika baadaye. Ijumaa nilitoa ramani. Kila mara alinijibu, "Nimesikia, Kaka," na mguu wake ukaendelea kukanyaga cherehani. Jumamosi nilimwambia kwamba mji anaokwenda una mitaro mibovu, jambo ambalo ni la kweli kabisa, nimewahi kusoma ripoti yake.

Hapo cherehani ikasimama.

"Kaka," alisema, "tucheze."

Nikamwambia leo si Jumapili.

"Kesho basi. Ukishinda, nabaki. Nikishinda mimi, naenda, na hutanitajia magoti yangu tena mpaka nife."

Hiyo ilikuwa sheria ya baba. Baba alikuwa mwashi, mtu wa maneno machache, na hakuvumilia watoto wanaobishana. Tulipogombana alitusukumia vipande vya matofali uani, akatuambia tucheze. Atakayeshinda, neno lake ndilo litakalosimama, na atakayeshindwa asinung'unike. Ndivyo tulivyoamua nani alale karibu na dirisha. Ndivyo tulivyoamua, tukiwa watu wazima na baba hayupo, nyumba ipakwe rangi gani. Mdogo wangu alishinda ile, na mpaka leo naishi katika nyumba ya rangi ya njano, na sijanung'unika.

Nitakuambia ukweli, nilifurahi. Katika michezo kumi huwa namshinda saba. Na nitakuambia jambo jingine, ambalo sikumwambia yeye wiki ile yote. Niliogopa. Sikuogopa magoti yake wala mitaro ya mtu. Niliogopa kuamka asubuhi katika nyumba isiyo na mlio wa cherehani, nikajitengenezea chai ya mtu mmoja, nikaikalia kimya. Na mtu mwenye hofu kama hiyo huanza kuzungumzia ngazi.

Jumapili Karani alifika mapema, amevaa koti. Alikuwa ameshaambiwa kinachochezewa. Aliketi katikati yetu, akapokea kikombe chake, akatutazama mmoja mmoja kwa macho ya mtu aliyewahi kukaa karibu na hakimu. Mdogo wangu aliutikisa mfuko, nikachota wa kwanza.

Kila mtu hujenga alivyo. Mimi huanzia sokoni, nanyoosha barabara moja, kisha napanga nyumba zangu kandokando yake bila kuacha mwanya, kila moja na bustani yake au shule yake. Ukiutazama upande wangu unaweza kuchukua hati ya kiwanja papo hapo. Yeye hujenga pembezoni kwanza, mahali pasipo na mtu, kisha ndipo aitafute barabara. Nimemkemea mara mia kwamba mji haujengwi hivyo. Hunijibu kwamba watu hukaa panapowapendeza, na barabara itawafuata.

Siku ile hakuna aliyetania. Tulicheza taratibu, vigae vikigonga meza kimojakimoja. Nusu ya mfuko ilipoisha nilikuwa mbele kidogo. Kisha akaweka nyumba pembeni kabisa, upande wa dirishani, akaiwekea kifungo cheupe. Kushoto kwake palikuwa na shule. Juu yake, zamu iliyofuata, akaweka bustani. Kulia palikuwa wazi, na baada ya uwazi huo wa kigae kimoja ilipita barabara ya sokoni. Kigae kimoja tu cha barabara, na nyumba ile ingempa alama mbili.

Mkononi nilikuwa na kiwanda.

Karani alinisoma. Alikohoa akasema, "Mpima, usimfanyie hivyo. Ni mdogo wako."

Nilikiweka. Nilikiweka polepole pale kwenye uwazi, nikakinyoosha kwa ukucha kikae sawa na vingine. Barabara haiwezi kupita kiwandani. Mdogo wangu alikitazama kile kiwanda, akachota kigae kingine. Karani alitikisa kichwa na kuongeza sukari kwenye chai, na mimi nikajisikia salama kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu.

Mtu akijisikia salama huacha kutazama. Nilikuwa na nyumba moja bado haijaunganishwa, upande wa chini, yenye thamani ya alama tatu. Nikaivutia barabara kutoka sokoni, kigae baada ya kigae, ikazunguka na kupanda kidogo kuelekea dirishani ili ifike mlangoni pake. Ilifika. Nilijipongeza moyoni. Kwa kuwa nilikuwa nautazama mji kutoka upande wangu wa meza, sikuona kwamba barabara yangu mwenyewe imeishia ubavuni mwa nafasi iliyo wazi chini ya ile nyumba yake ya pembeni.

Mfuko ulikuwa mtupu. Yeye alibaki na kigae cha mwisho, kikiwa barabara. Akakiweka chini ya nyumba yake. Kikagusana na barabara yangu, na barabara yangu ikaenda sokoni.

Karani hakuona kitu, alikuwa anapuliza chai. Mimi niliona papo hapo.

Kisha nikaanza kuhesabu, kama sheria ya kumi na nne inavyosema. Anayehesabu huanza na zake. Niligusa vifungo vyangu vyeusi kimoja kimoja nikitamka kwa sauti, nikafika ishirini na mbili. Nikahamia vyeupe. Mbili. Tano. Sita. Tisa. Nilikwenda hivyo, kidole kikitembea, mpaka nikafika ishirini na moja, na mbele ya kidole changu kulikuwa na kiwanda. Nyuma ya kiwanda kulikuwa na nyumba moja.

Ningependa kukuambia kwamba kidole kiliteleza. Hakikuteleza. Nilikiinua.

"Ishirini na moja," nikasema. "Mimi ishirini na mbili. Nimekushinda kwa moja."

Mdogo wangu aliutazama mji. Kisha akanitazama mimi, si kwa muda mrefu.

"Umehesabu?"

"Nimehesabu."

"Haya," akasema.

Karani alinipa mkono. Alisema mchezo ulikuwa wa haki na kwamba baba yetu, kama angekuwepo, angeridhika. Akamaliza chai yake, akamwambia mdogo wangu kwamba si vibaya, na karakana zimejaa kelele mno kwa mtu wa umri wake. Nilimsindikiza mpaka nje, kwa haraka kidogo kuliko desturi.

Niliporudi, mji ulikuwa bado mezani. Kwetu aliyeshindwa ndiye anayeuvunja na kurudisha vigae mfukoni. Hakuuvunja. Alikuwa chumbani kwake, na nilisikia zipu ya sanduku ikifunguliwa.

Nilikaa kwenye kiti changu. Nilijipa moyo kwamba sasa mambo yamekwisha, amebaki, atakuwepo kesho na keshokutwa, magoti yake yatapumzika. Mlango wake ulikuwa wazi. Nilimwona akitoa nguo zake na kuzipanga kabatini, akizilainisha kwa kiganja. Nilimwona akitoa ule mkasi wake mkubwa wa kukatia, aliokuwa ameuviringisha kwenye kitambaa cha sufu kwa ajili ya safari, akaukunjua na kuutundika kwenye msumari wake. Kama angepiga mlango, au kunifokea, au kulia, ningekuwa na la kujitetea. Hakununa. Alikuwa anatii sheria ya baba, hatua kwa hatua, bila kunung'unika, na mimi niliyeivunja ndiye niliyekaa namtazama. Niliona aibu, aibu ya kweli, ile inayochoma masikio.

Alitoka na simu mkononi, amevaa miwani. Akaketi kwenye kiti chake, upande wa pili wa mji, akaanza kutafuta namba.

"Nampigia binti," alisema, "atafute mkataji mwingine mapema. Huenda akapata wa haraka."

Alisema hivyo kwa sauti ya kawaida kabisa. Akabonyeza. Nilisikia simu ikiita upande wa pili, mara ya kwanza, mara ya pili. Mara ya tatu ikapokelewa, na sauti ya mpwa wangu ikasikika, ya furaha, ikiuliza, "Mama? Umeshafungasha?"

Nilinyoosha mkono juu ya mji wote, nikaushika mkono wake wenye simu.

"Mwambie utampigia baadaye," nikasema. "Nataka kuhesabu tena."

Alinitazama. Kisha akasema simuni, "Nitakupigia, mwanangu," akaikata na kuiweka mezani.

Nikaweka kidole penye kiwanda, nikakivusha.

"Kuna nyumba sikuihesabu."

"Ipi?"

"Hii. Nyuma ya kiwanda. Ina shule, ina bustani, barabara inafika sokoni. Ni mbili. Una ishirini na tatu." "Umenishinda. Na sikuisahau. Niliiona tangu ulipoweka kigae."

"Najua," akasema.

Nikamuuliza amejua lini.

"Kabla hujafika nyumba yangu ya tatu nilishajua nina ishirini na tatu. Kaka, mimi nakata vitambaa kwa hesabu ya kichwa tangu nina miaka kumi na sita. Ulidhani miaka kumi na moja yote nakaa hapa nangojea kidole chako?"

Nilimuuliza kwa nini basi hakusema, kwa nini amefungua sanduku, kwa nini amepiga simu. Alivua miwani akaifuta kwa pindo la gauni. Alisema Mpima akishatamka hesabu, hesabu imetamkwa. Alisema pia kwamba alitaka kuona kama nitamwacha amalize kuongea na binti yake. Angemwambia kweli, alisema, kama ningenyamaza. Angebaki hapa na mimi, na angejua, na mimi ningejua kwamba anajua.

Nikamwomba radhi. Nilisema nisamehe, mdogo wangu, nilisema mara mbili, na akasema amesamehe, yamekwisha. Lakini hakuinuka. Alikuwa anakizungusha kifungo cheupe kwa ncha ya kidole.

"Wiki nzima umezunguka mbuyu," akasema. "Mara magoti, mara ngazi, mara vumbi. Mitaro, Kaka. Umenihutubia mpaka mitaro. Halafu ukaniibia na alama mbili. Si ungeniomba tu nisiende?"

"Ningekuomba, ungebaki?"

Alilifikiria swali kwa haki, kama mtu anayepima kitambaa kabla ya kukikata.

"Nisingebaki. Ile kazi naitaka."

"Sasa ningekuomba ya nini?"

"Ningefurahi kuombwa," akasema.

Mtu wa umri wangu hajui pa kuweka mikono katika jambo kama hilo. Niliiweka magotini, nikaitoa, nikairudisha. Kisha nikamwomba. Nilimwambia asiende. Nilimwambia si magoti yake, ni mimi, kwamba sina mwingine wa kubishana naye, na kwamba tangu Jumatatu silali vizuri. Nilimwambia nitakuwa mpweke, neno ambalo sikuwa nimewahi kulitamka juu yangu mwenyewe, na lilitoka na sauti ya mtu mwingine. Alinisikiliza mpaka mwisho, machozi yakimlengalenga, bila kunikatisha.

"Hapana, Kaka," akasema. "Kesho naondoka."

Kisha akainuka, akauzunguka mji na kiti chake mkononi, akaketi karibu nami.

"Sema tena," akasema.

Nikasema tena.